Panda Mwekundu na Jirani Zake wa Mlimani



Wengi kati yetu wakisikia jina la panda humfikiri yule mnyama mkubwa wa nchi ya China, mweupe kwa mweusi, mfano wa dubu. Lakini jina hilo si lake tangu asili. Mwenye jina wa kwanza ni mnyama mwingine, mdogo, uzito wake kama paka mnene, na manyoya yake mekundu kama matofali yaliyochomwa vizuri. Yule mkubwa alilipata jina baadaye, kama mtu aitwaye kwa jina la ndugu yake. Leo mkubwa ajulikana po pote duniani, na mdogo amesahauliwa. Tena yumo katika hatari ya kutoweka kabisa.

Tumeona vema tuwasimulie historia yake, ijapokuwa haishi kwetu Afrika. Sababu ni hii: tangu miaka 200 watu wamemtafuta, wamemwinda, wamemfungia, wamemwekea sheria, na mwishoni wamejifunza jambo moja ambalo ladai kusikiwa na kila mtu akaaye karibu na msitu. Mnyama wa porini haokolewi kwa sheria peke yake, wala kwa mapenzi ya watu wa mbali. Huokolewa pale ambapo jirani yake, mchungaji na mkata kuni, naye amepata riziki yake. Na tuitazame historia hiyo hatua kwa hatua.

Nchi yake na maisha yake

Kaskazini ya India imesimama milima ya Himalaya, mirefu kupita milima yote ya dunia. Panda mwekundu hukaa mbavuni mwa milima hiyo, toka Nepal upande wa magharibi, kupita Darjeeling, Sikkim na Bhutan, hata kaskazini ya Myanmar na nchi za China ziitwazo Tibet, Yunnan na Sichuan. Hapatikani bondeni penye joto, wala kileleni penye theluji isiyoyeyuka. Nchi yake ni ukanda wa katikati, mara nyingi kati ya meta 2,200 na meta 4,000 hivi. Aliyepanda mlima Kahuzi ameona msitu wa mianzi penye baridi na ukungu. Na afikiri mahali pa namna hiyo, akiongeza misonobari mikubwa na theluji ya kipupwe.

Mwili wake ni wa kilo 3 hata 6. Uso wake una madoa meupe, tumbo na miguu ni nyeusi, na mkia wake mrefu una mapete, moja jekundu, moja jeupe. Nyayo zake zimeota manyoya, zisigandishwe na baridi. Hupanda miti kwa ustadi, tena aweza kushuka kichwa kikitangulia chini, jambo ambalo wanyama wapanda miti wengi hawaliwezi. Mkononi ana mfupa mmoja uliorefuka ukawa kama kidole gumba. Kwa huo hushika mwanzi kama sisi tushikavyo muwa.

Ajabu kubwa ni chakula chake. Meno na utumbo wake ni vya ukoo wa wanyama wala nyama. Utumbo wake ni mfupi, haukufanywa kwa kusaga majani. Lakini yeye hula mianzi: majani mororo na machipukizi, pamoja na matunda, uyoga na mayai ya ndege kidogo. Katika majani anayoyala, mwili hufaidi robo moja tu hivi; yaliyobaki hutoka bure. Kwa hiyo yampasa kula muda mrefu mno kila siku, na muda unaosalia hulala juu ya tawi, amejikunja, mkia wake umemfunika kama blanketi. Si mvivu, ila mali yake ni kidogo, basi huitumia kwa akili.

Jike huzaa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Juni au Julai, katika shimo la mti au pango dogo alilolitandika majani. Huzaa watoto wawili kwa desturi, pengine mmoja, pengine watatu au wanne. Huzaliwa vipofu, na macho hufumbuka baada ya siku 18 hivi. Mama huwahamisha toka shimo hata shimo, na hukaa naye karibu mwaka mzima. Kati ya watoto wanaozaliwa wengi hufa. Basi kila panda mmoja anayeuawa huacha pengo lisilozibwa upesi.

Kuna jambo jingine la mianzi ambalo yatupasa kulijua. Mianzi ya milima hiyo huishi miaka mingi bila kutoa ua hata moja. Kisha ukafika mwaka wake, mianzi ya mahali pamoja huchanua kwa mara moja, huzaa mbegu, hufa yote. Miche mipya huhitaji miaka kadhaa ili ikue. Zamani panda alipoona njaa imeingia, alifuata msitu akahamia mtelemko mwingine. Siku hizi, kati ya mtelemko na mtelemko pana shamba, au barabara, au kijiji. Msitu umebaki vipande vipande, kama nguo iliyochanika, na mnyama aliye katika kipande kimoja hawezi kukifikia kingine.

Jinsi alivyojulikana na wataalamu

Watu wa milima hiyo walimjua tangu zamani. Watu wa Nepal humwita habre. Walijua mashimo yake, mlio wake, na kawaida yake ya kurudia choo chake mahali pamoja. Lakini elimu ya vitabu ilimkuta mwaka 1821. Tarehe 6 Novemba mwaka huo jenerali Mwingereza Thomas Hardwicke, aliyetumika miaka mingi India, alituma taarifa yake mbele ya chama cha wataalamu cha London. Aliandika kwamba wenyeji humwita wha kwa kufuata mlio wake. Taarifa hiyo ilikawia, haikuchapishwa hata mwaka 1827.

Katikati ya miaka hiyo Mfaransa alimpita. Kijana Alfred Duvaucel, mtoto wa kambo wa mtaalamu mashuhuri Georges Cuvier, alikuwa akikusanya wanyama huko India, akapeleka Paris ngozi na mifupa ya mnyama huyo. Mwaka 1825 Frédéric Cuvier, mdogo wake Georges, alimwandika kitabuni na kumpa jina la Ailurus fulgens. Neno la kwanza latoka katika Kigiriki, maana yake ni paka. La pili ni Kilatini, maana yake ni mwenye kung'aa. Cuvier alimsifu sana kwa uzuri wake. Duvaucel hakuliona jina hilo likichapishwa. Alifariki Madras mwaka 1824, angali kijana.

Hivyo Mwingereza alitangulia kusema, Mfaransa alitangulia kuchapa, na heshima ilimfuata aliyechapa. Mwenyeji aliyemwonyesha mmoja wao mnyama huyo msituni, jina lake halikuandikwa kitabuni. Tukumbuke neno hilo, kwa maana litarudi mbele.

Mtu mwingine aliyemchunguza vema ni Brian Hodgson, mwakilishi wa serikali ya Uingereza huko Kathmandu, mji mkuu wa Nepal. Alikaa miaka mingi nchini, akajifunza lugha na desturi za watu, akawatumia wawindaji na wachoraji wa kienyeji. Mwaka 1847 alichapa habari ndefu za panda: chakula chake, watoto wake, upole wake.

Mwaka 1869

Mwaka 1869 ulileta mambo mawili, moja London, moja China.

Mwezi wa Mei panda mwekundu wa kwanza aliye hai alifika katika bustani ya wanyama ya London. Walisafirishwa watatu toka India. Wawili walikufa njiani. Yule mmoja alifika amechoka hata kusimama hawezi. Mkuu wa bustani, Abraham Bartlett, alimjaribia nyama mbichi, na nyama ya kupikwa, lakini mnyama hakuigusa. Wataalamu walikuwa wameyaona meno yake wakasema ni mla nyama. Bartlett alipomwachilia atembee bustanini, mnyama alikimbilia vichaka vya waridi akala majani yake mororo. Ndipo walipoanza kuelewa. Lakini hakumaliza mwaka. Alikufa mwezi wa Desemba.

Mwaka huo huo, katika milima ya Sichuan, alikuwako padri mmoja Mfaransa jina lake Armand David, wa shirika la Mtakatifu Visenti wa Paulo. Alizaliwa Espelette, nchi ya Wabaski, mwaka 1826, akafika Beijing mwaka 1862. Wakubwa wake walimruhusu kuchunguza mimea na wanyama wa nchi hiyo kubwa kwa ajili ya makumbusho ya Paris. Tarehe 11 Machi 1869, alipokuwa akikaa kwenye misioni ndogo ya Moupin, mahali paitwapo leo Baoxing, aliona nyumbani mwa mtu mmoja ngozi ya mnyama mweupe kwa mweusi asiyemjua. Siku chache baadaye wawindaji wakristu wa mahali hapo walimletea mmoja. Ndivyo panda mkubwa alivyojulikana na wataalamu wa Ulaya.

Padri David alidhani ni dubu, na katika hilo alisema kweli, kama uchunguzi wa siku hizi ulivyoonyesha. Lakini mwaka 1870 mtaalamu Alphonse Milne-Edwards wa Paris aliitazama mifupa na meno, akaona yafanana na yale ya panda mwekundu, akampa jina la Ailuropoda, yaani mwenye miguu kama ya Ailurus. Hivyo jina la mdogo likampata mkubwa. Leo twajua kwamba hao wawili si wa ukoo mmoja. Wamefanana kwa sababu wote wawili hula mianzi. Panda mwekundu yuko peke yake katika ukoo wake. Jamaa zake wa mbali ni cheche, vicheche na rakuni wa Amerika.

Padri David hakuwa mkusanyaji wa ngozi tu. Katika safari zake aliona misitu ya kale ikikatwa kila mahali, akaandika katika kumbukumbu zake uchungu aliouona moyoni, kwamba kwa faida ya siku chache watu waharibu kazi za Muumba ambazo hawawezi kuzirudisha. Alifariki Paris mwaka 1900. Miaka zaidi ya 100 imepita, na maneno yake hayajachakaa.

Ngozi, kizimba na sheria

Baada ya kujulikana, panda mwekundu alipata adui wawili wapya juu ya wale wa zamani. Wa kwanza ni mfanya biashara. Bustani za wanyama za Ulaya na Amerika zilimtamani, na wengi walikufa njiani kama wale wawili wa mwaka 1869. Wa pili ni mwenye kutamani ngozi. Yunnan, kwa mfano, kofia ya manyoya yake ilihesabiwa zamani kuwa baraka kwa watu wanaooana. Mkia wake ulifanywa ufagio mdogo wa kupangusia vumbi.

Serikali zikaanza kutunga sheria. India ilimlinda kwa sheria ya wanyama ya mwaka 1972, na Nepal kwa sheria ya mwaka 1973. China ilimweka katika orodha ya wanyama wa kulindwa kwa sheria yake ya mwaka 1988. Mapatano ya mataifa juu ya biashara ya wanyama, yaitwayo CITES, yalimpandisha mwaka 1995 katika daraja la kwanza, maana yake biashara ya kumwuza toka nchi hata nchi imekatazwa. Mwaka 1998, baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze, China ilizuia pia kukata misitu ya asili katika mikoa ya juu ya mto huo, na hilo lilimfaa panda.

Bustani za wanyama nazo ziligeuka. Wengine husema kizimba ni gereza tu, wala si uwongo kwamba mara nyingi kilikuwa hivyo. Lakini Padri David mwenyewe atupa mfano mwingine. Mwaka 1865, kusini ya Beijing, aliona kwa juu ya ukuta wa bustani ya mfalme paa wakubwa wa ajabu, ambao walikuwa wamekwisha kutoweka porini. Wachache walipelekwa Ulaya. Kisha mafuriko ya mwaka 1895 na vita ya mwaka 1900 viliwamaliza wale wa Beijing, wakabaki wa Ulaya tu. Mwaka 1985 watoto wa hao walirudishwa China, na leo wanazaana huko. Hapo kizimba kilikuwa kama safina ya Nuhu.

Kwa panda mwekundu, bustani ya Rotterdam, nchi ya Uholanzi, yaandika kitabu cha ukoo wa panda wote wa bustani za dunia tangu miaka ya 1970, kusudi ndugu wasioane na damu isidhoofike. Darjeeling pia ina bustani iliyoanzishwa mwaka 1958, mahali pa baridi panapomfaa. Mwaka 2003 majike wawili waliozaliwa huko walitolewa, wakaachiliwa katika msitu wa Singalila, mpakani mwa Nepal.

Lakini safina si nchi kavu. Nuhu alipotoka alihitaji ardhi ya kukanyaga. Ikiwa msitu umekwisha, panda atolewaye kizimbani atakwenda wapi?

Jibini ya Langtang

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu.

Kaskazini ya Kathmandu liko bonde la Langtang. Katika miaka ya 1950 Waswisi walikuja kuwasaidia wachungaji wa huko, wakawafundisha kutengeneza jibini, ile ambayo wengi wetu twaiita fromaji. Wachungaji hao walifuga chauri, yaani mchanganyiko wa ng'ombe na yaki, yule ng'ombe wa milima mwenye manyoya marefu. Maziwa yaliyokuwa yakiharibika sasa yalipata bei. Ilikuwa kazi njema ya kuwasaidia maskini, wala hakuna awezaye kuilaumu. Mwaka 1976 serikali ililifanya bonde hilo kuwa hifadhi ya taifa. Wageni wengi wakaja kutazama milima, na wageni wakaipenda jibini.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtaalamu mmoja wa Nepal, Pralad Yonzon, alikwenda kuishi katika misitu hiyo. Aliwakamata panda wachache, akawavika shingoni mkanda wenye kifaa cha redio, akawafuata usiku na mchana. Mwaka 1991 alichapa matokeo yake pamoja na Malcolm Hunter wa Chuo Kikuu cha Maine, Marekani. Waliona kwamba panda hukaa katika ukanda mwembamba wa misonobari na mianzi, na ukanda huo huo ndio malisho ya chauri katika majira yao. Wageni wakizidi, jibini hutakiwa zaidi. Jibini ikitakiwa zaidi, chauri huongezeka. Chauri wakiongezeka, mianzi hukanyagwa na kuliwa. Wachungaji huja na mbwa, na mbwa huwaua watoto wa panda. Katika vifo walivyovihesabu, vingi vilitokana na mifugo, mbwa na watu, ijapokuwa sheria ya kumlinda ilikuwapo tangu mwaka 1973, na hifadhi tangu 1976.

Wasomaji, tuulize: nani mkosaji hapo? Mswisi alikuja kusaidia. Mchungaji alitafuta ada ya shule ya watoto wake. Mgeni alilipa mkate na jibini kwa haki. Askari wa hifadhi alilinda mpaka wake. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kumwua panda. Lakini jumla ya matendo yao yote ilikuwa kifo chake. Bunduki ina mtu wa kukamatwa, jibini haina. Ndiyo sababu sheria, iliyotungwa kwa ajili ya mwenye bunduki, haikumwokoa.

Kumfukuza mchungaji ni jibu jepesi. Serikali nyingi zimelijaribu katika nchi nyingi, na twajua matunda yake: mtu aliyefukuzwa katika msitu wa baba zake hurudi usiku kama mwizi, wala hana tena sababu ya kuutunza. Pralad Yonzon, mwana wa nchi, aliona kwamba yafaa kuhesabu chauri na mianzi pamoja, mnyama na mwanadamu katika hesabu moja. Alifariki kwa ajali ya barabarani huko Kathmandu mwaka 2011, lakini njia aliyoifungua haikufungwa.

Msitu warudishwa kwa wenyewe

Katika pembe ya mashariki ya Nepal umesimama mlima Kangchenjunga, wa tatu kwa urefu duniani. Mwaka 1997 serikali ililifanya eneo lake kuwa mahali pa hifadhi, pasipo kuwaondoa watu. Kisha tarehe 22 Septemba 2006 ilitenda neno jipya: ilikabidhi uongozi wa hifadhi hiyo kwa baraza la wenyeji wenyewe. Wakubwa wa serikali na walinzi mashuhuri wa wanyama walipanda mpaka kijiji cha Ghunsa kuifanya sherehe. Kesho yake, walipokuwa wakirudi, helikopta yao iliangukia mlimani. Watu 24 walikuwamo, wote walikufa. Kati yao walikuwa Tirtha Man Maskey, Mingma Norbu Sherpa na Chandra Gurung, watu waliotumia maisha yao kuiweka misitu mikononi mwa maskini.

Nepal iliomboleza sana. Watu wengine wangaliweza kusema: mambo yamekwisha. Lakini makabidhiano yalikuwa yamefanyika, na baraza la wenyeji liliendelea na kazi. Hapo twaona hekima ya marehemu hao. Kama ulinzi ungalikuwa vichwani mwao peke yao, ungalizikwa pamoja nao. Kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuugawa, ulibaki hai.

Katika vilima vya kusini ya Kangchenjunga, wilaya za Panchthar, Ilam na Taplejung, misitu mingi haimo katika hifadhi yo yote ya serikali. Iliwekwa mikononi mwa vikundi vya wanakijiji, kwa kufuata sheria ya misitu ya mwaka 1993. Huko shirika liitwalo Red Panda Network, lililoanza mwaka 2007, huchagua watu wa vijiji wawe walinzi wa msitu. Leo wamepita 100. Ni wakulima na wachungaji. Wengine baba zao walitega mitego. Kila baada ya muda huzunguka njia zao, hutazama mavi ya panda na alama za makucha, huandika, huondoa tanzi, huwafundisha watoto wa shule.

Tena kazi haiishii msituni. Nyumba zimepewa majiko yanayokula kuni chache, na mwanamke aliyekuwa akibeba mizigo mingi ya kuni sasa hupumua. Mbwa huchanjwa, kwa sababu ugonjwa wao uitwao distempa humwua panda upesi. Familia hupokea wageni nyumbani mwao, na fedha ya mgeni hubaki kijijini. Miti na mianzi hupandwa ili kuunganisha vipande vya msitu vilivyotengana. Mwaka 2019 panda 10 wa upande huo walivishwa mikanda ya kuwafuata kwa setilaiti, na walinzi wa vijiji walisaidia kazi hiyo. Wale ambao mwaka 1821 hawakuandikwa majina, leo ndio walimu.

Hali ya leo

Tusijidanganye kwamba mambo yote yametengemaa. Mwaka 2015 shirika la ulimwengu la kulinda viumbe, IUCN, lilimhamisha panda mwekundu toka daraja la walio katika mashaka hata daraja la walio katika hatari ya kutoweka. Yakadiriwa kwamba wakubwa waliobaki porini hawafiki 10,000, na kwamba hesabu yao ilipungua nusu katika vizazi vitatu, yaani miaka 18 hivi.

Mwaka 2020 wataalamu wa China, kwa kuchunguza damu na mbegu za urithi, walionyesha kwamba panda wekundu ni aina mbili: wa Himalaya, na wa China. Jambo hilo lastahili furaha ya elimu, lakini laleta wasiwasi pia. Wachache tuliodhani ni kundi moja, kumbe ni makundi mawili, na kila moja ni dogo zaidi.

Barabara mpya zakata misitu. Ngozi zakamatwa mara kwa mara mikononi mwa wachuuzi, hata ikiwa soko lake halijulikani vema. Joto la dunia lapandisha mianzi juu zaidi mlimani. Na mlima, kila ukipanda, eneo lake hupungua, na mwisho wake ni kilele.

Fundisho kwetu

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Ni kazi mbili, wala si moja. Mwenye kutunza bila kulima husahau kwamba watoto wana njaa. Mwenye kulima bila kutunza husahau kwamba watoto wana watoto wao. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si', alilikumbusha Kanisa zima kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikiwa pamoja. Historia ya panda mwekundu ni ushahidi wa neno hilo, toka milima ambako wakristu ni wachache sana.

Panda hatamlipa mtu cho chote. Hatoi maziwa, hachungi mlango, halimi. Mtu wa Ilam amtunzaye, amtunza kwa kuwa ameona jiko lake halifuki tena moshi mwingi, chemchemi yake haikauki kwa sababu msitu uko juu yake, na jina lake limeandikwa katika daftari ya walinzi. Tumbo limetulia, na moyo umepata nafasi ya kupenda kisicho na faida. Hiyo ndiyo njia. Si aibu kuanza na tumbo. Bwana wetu mwenyewe aliwalisha makutano.

Nasi tunao misitu yetu, na wanyama wetu, na majiko yetu ya mawe matatu yanayokula kuni. Katika kila parokia wako watu wanaoijua misitu hiyo kuliko kitabu cho chote. Tuwasikilize kwanza kabla ya kuwaletea sheria, na tukiwaomba watunze, tuulize pia watapika kwa nini jioni.